Waliniambia Nipumzike

Mwanangu aliniondolea mkasi mkononi mbele ya mafundi wangu. Hakuninyang'anya. Aliutoa kwa upole, kama anayemwondolea mtoto kisu, na upole huo ndio ulionichefua.

"Mama, kaa pale mlangoni upunge upepo. Kukata atakata fundi mkuu."

Karakana ni yangu. Meza ile ya kukatia sare za shule niliinunua kabla yeye hajaota meno. Mafundi wakainamia vyerehani vyao wakijifanya hawasikii, nami nikabaki na chaki mkononi.

Mwanangu huyu tunamwita Bosi, maana alianza kutuagiza kabla hajajua kusema. Uongo hauwezi. Nilipomkazia macho akatoa yote: binti ya kaka yangu alimpigia simu akilia. Kompyuta yao imesema ubongo wangu umeanza kuchoka, na kumbukumbu zangu ziko njiani kunitoka.

Binti huyo ni mtafiti chuo kikuu. Ndiye aliyenibembeleza nikapigwe picha za ubongo.

"Shangazi, hata ukikaa bila kufanya kitu, ubongo haunyamazi," aliniambia. "Sehemu zake zinasemezana muda wote. Sisi tunaunda ubongo wa mfano kwenye kompyuta, tujue mazungumzo hayo yanaendaje mtu akiwa amepumzika."

Nilimwelewa, nikaenda. Majibu yalipotoka, akapigiwa mwanangu. Kichwa changu, simu yake! Nikaibana chaki kwa hasira hadi ikakatika.

Funguo za karakana zikahama mkobani mwangu. Simu ya biashara ikahamia kwa mkamwana wangu. Nikiuliza jambo mara mbili, wanatazamana. Nikitafuta miwani huku nimeivaa kichwani, mkamwana anashusha pumzi kwa huruma, yeye ambaye hutafuta simu huku anaongea nayo. Nilivumilia siku kadhaa, kisha nikajifunga kibwebwe nikaenda chuoni.

Binti ya kaka yangu alinipokea na macho mekundu. Akanionyesha kwenye skrini ubongo uliochorwa kwa vitone na nyuzi. Kwa mtu mwenye afya, nyuzi za kuunganisha mbele na nyuma zilikuwa nene. Zangu zilikuwa nyembamba, nusu yazo hazionekani. Profesa wake akaingia, akasimama nyuma yetu mikono mfukoni.

"Pole sana, mama. Tumejaribu ubongo huu wa mfano kwa watu wengi, na haujatuangusha."

"Na hao wengi nao walilala mle ndani ya mtambo wa picha?"

"Kila mtu hulala chali mle, mama."

"Nasema usingizi. Mimi nilisinzia mlango ulipofungwa, nikaamka mliponitikisa miguu."

"Shangazi! Na kelele zote zile?"

"Mwanangu, nimezeeka kati ya vyerehani."

Binti akajiziba mdomo. Profesa akatoa mikono mfukoni. Akaanza kunieleza kwamba mtu akisinzia sehemu zile za ubongo nazo hulegeza mazungumzo, na picha yake huweza kufanana na ya mgonjwa. Washiriki huelekezwa wasilale. Kwa hiyo kompyuta inachukulia kwamba kila aliyemo yuko macho.

"Mliniambia nifumbe macho, nijiachie, nisiwaze kitu," nikamwambia. "Nikafanya. Kisha mkakaa nyuma ya kioo mkitazama skrini. Kuniuliza tu, 'mama, ulilala?' kungewatoa jasho?"

Akaomba radhi, tena bila kujitetea, hilo nampa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani nyumbani hulali?"

Nikajikuta nimemjibu. Mume wangu ana kiharusi, mwaka wa pili huu. Usiku namgeuza ubavu asiote vidonda, nambadilishia shuka, nampa dawa. Nikitaka kufumba macho, ananiita. Mle ndani ya mtambo wao hakuna aliyeniita.

Walirudia picha, safari hii nikiwa macho, nimeambiwa nitazame alama moja na binti akiniongelesha kila baada ya muda. Nyuzi zangu zikatoka nene. Binti akanisindikiza nyumbani akaeleze mwenyewe.

Bosi alisikiliza, kisha akacheka hadi machozi. "Kumbe ulilala tu!" Akanikumbatia. Furaha yake ilikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. Funguo zikarudi, simu ikarudi, mkamwana akaenda kuchemsha chai. Kila mtu alikuwa amepona isipokuwa mimi. Nilikaa na funguo mapajani, damu ikinichemka, mpaka nikajua ni kwa nini.

"Mlipoamini akili inaniruka," nikasema, "mlininyima mkasi nisije nikaharibu kitambaa cha sare. Sawa. Dawa za baba yenu, ambazo nikikosea naweza kumuua, nani alikuwa akimpa?"

Bosi akajifuta machozi ya kicheko.

"Mimi. Usiku nani alimwinua? Huyohuyo mwenye kichwa kibovu. Kukata kola sifai, ila kumuuguza nafaa! Hata mmoja wenu hakusema, mama, nenda ukalale."

"Mama, hatukufikiria hivyo."

"Najua hamkufikiria!"

Nikaenda chumbani, nikalileta sanduku la dawa, nikalitua mapajani mwa Bosi. Nikamwambia kuanzia leo ni yeye na mkewe, wapokezane, na mimi nitalala chumba cha nyuma. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu. Bosi akafungua sanduku, akageuza pakiti moja, akaigeuza tena.

"Mama," akauliza, "hii nyeupe baba anakunywa saa ngapi?"

Mwaka wa pili wa ugonjwa huu, na tunaishi nyumba moja. Nikamwelekeza dawa zote, moja baada ya nyingine, nikimrudisha kila alipokosea, na hasira bado haijanitoka.