Saa ya Mzee Garama

Mke wangu Chiku alifariki mwezi wa Shaabani. Waliokuja matangani walimsifu kwa upole wake na kwa mapishi yake, na yote ni kweli. Lakini mimi, muda wote niliokaa pale mkekani nikipokea mikono ya watu, nilikuwa nikiikumbuka siku moja ya mwaka 1986, tulipopeleka saa Magarini. Siku hiyo hakuwa mpole hata kidogo. Naiandika hapa kama ilivyokuwa.

Wakati huo tulikuwa hatujaoana. Mimi nilikuwa seremala kwa baba yake, Mzee Badi, fundi wa saa wa Malindi. Nasema fundi wa saa, lakini asidhaniwe ni miongoni mwa wale wa kukaa barazani na kubadilisha mikanda. Nyumba yao ilikuwa ikitengeneza saa za meza tangu wakati wa babu yake Badi, Mwenye Abdillahi. Magurudumu ya shaba waliyakata wenyewe kwa tupa, jino baada ya jino. Springi tu ndiyo waliyoiagiza ng'ambo. Sanduku lilikuwa la mvule lenye nakshi za fedha pembeni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Saa moja ilikula karibu mwaka mzima. Familia kubwa za Malindi na Mambrui zikioza binti hazikuona kwamba zimeoza mpaka saa ya kwa Badi iingie ndani.

Na saa hiyo haikuingia hivi hivi. Inasemekana Mwenye Abdillahi aliwahi kumpelekea saa tajiri mmoja wa Mambrui, ikasimama njiani. Tajiri akamwuliza mlangoni, mbele ya watu, "Umeniletea maiti?" Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: saa hutiwa ufunguo karakanani, husafiri ikienda, na ikifika kizingitini yule aliyeiagiza huitegea sikio. Akisema "Nimeisikia," inapita. Asiposema, inarudi Malindi, inafunguliwa mpaka parafujo ya mwisho.

Mzee Badi hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na Chiku, ambaye tangu udogoni alishika tupa badala ya mwanasesere. Saa ya Magarini ndiyo ya kwanza kuitengeneza yeye peke yake, kila jino la kila gurudumu. Chini ya uso wa saa, mahali panapoandikwa jina la fundi, baba yake alimwambia paachwe patupu.

"Ikisikiwa, utaandika jina lako, na karakana ni yako," alimwambia. "Isiposikiwa, chumba hiki nampa mpwa wangu auze miwani ya jua na saa za betri. Mimi macho yamechoka."

Chiku akarudi kwenye tupa yake. Tangu siku ile alinifanya nilifungue sanduku na kulifunga tena na tena, mpaka nikawa naota bawaba.

Saa iliagizwa na Mzee Garama, mkulima wa Magarini aliyepata mavuno mazuri ya korosho, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake Mbeyu. Alikuwa amesema hataki mjukuu wake aondoke na ndoo na godoro tu kama wengine. Siku ilipofika alimtuma mwanawe Fondo na pikapu kutuchukua. Chiku alikaa mbele katikati, saa mapajani juu ya mto, na baba yake akaketi dirishani. Mimi nikapanda nyuma pamoja na magunia ya mchele na mbuzi wawili.

Fondo aliendesha kama anayefukuzwa.

"Polepole, kijana!" Mzee Badi alimwambia.

"Hii ndiyo polepole yenyewe, mzee. Ya haraka bado hujaiona."

Tulipovuka mto Sabaki na kuingia njia ya vumbi, kila shimo lilinipiga moyoni. Nikagonga kioo cha nyuma. "Yaenda?" Chiku akainua kidole bila kugeuka: yaenda. Shimo jingine. Nikagonga tena.

"Abdalla," alipiga kelele, "ukigonga tena nitakushusha ukae na mbuzi!"

"Nimeshakaa na mbuzi!"

Nikamwona mabega yakimtikisika kwa kucheka. Lakini mikono iliyoikumbatia saa haikutikisika.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Ngoma zilikuwa zikipigwa, na kina mama walitupokea kwa vigelegele. Mbeyu alisimama upenuni amejitanda kanga mpya, na babu yake akatoka amevaa kikoi na koti, na fimbo mkononi. Chiku akampa shikamoo, naye akaitikia "Karibuni, karibuni," huku akitazama saa na wala si sisi. Mzee Badi akaomba ngoma zinyamaze, akaeleza sheria ya nyumba yake. Chiku akaishika saa mbele ya kizingiti. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliisikia vizuri kabisa: ti, ti, ti, ti.

Mzee Garama akainama, akaweka sikio. Akaweka la pili. Akainuka.

"Humu hamna kitu," akasema.

 Niliona shingo ya Chiku ikitoka jasho.

Mkewe Mzee Garama, Mama Zipporah, alikuwa wa kwanza kusema. "Mume wangu, wewe jogoo hujamsikia tangu mwaka juzi."

"Nani hajasikia? Mimi nasikia!" Mzee Garama alifoka, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto.

"Hata mimi nikikuomba sukari hunisikii."

"Hiyo naisikia. Nanyamaza tu."

Watu wakaangua kicheko, naye akazidi kukasirika. Fondo akamsogelea Mzee Badi. "Mzee, sisi sote twaisikia. Hata kuku hawa wanaisikia. Tuingize saa, watu wana njaa."

"Kuku hawakuagiza saa," alisema Mzee Badi. "Ni mwenyewe ndiye asemaye."

Fondo akaweka mdomo sikioni mwa baba yake. "Baba, sema umeisikia, basi!"

"Niseme nimesikia nisichokisikia? Siku ya harusi ya mjukuu wangu? Nilimuahidi saa inayotembea, sitamfungisha safari na sanduku."

Pale nikaona jinsi wazee wawili walivyofungana. Mmoja asingeweza kukiri kwamba masikio yamekwisha, wala asingeweza kusema uongo. Mwingine asingeivunja sheria ya babu yake hata kwa binti yake. Na kati yao alisimama Chiku ameshika kazi ya mwaka mzima, ikipiga bila kukosea, na hakuna wa kuisemea. Mzee Badi akanyoosha mikono aichukue. "Nipe hiyo saa tuirudishe garini, mwanangu," alimwambia polepole.

"Siitoi wala siirudishi," alisema Chiku.

Sikuwahi kumsikia akimjibu baba yake hivyo. Akanipa mimi saa niishike. Akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, akamwendea Mzee Garama na kupiga magoti mbele yake.

"Babu," akasema kwa sauti kubwa, "una meno?"



"Ninayo manne," Mzee Garama alijibu. "Yote mazuri."

"Basi uma hapa."

"Nile bisibisi?"

"Uiume tu, babu. Usiile, naihitaji."

Kicheko kilirudi, na safari hii hata Mbeyu alijificha uso kwa kanga. Mzee Garama alimtazama yule msichana wa mjini aliyemshika mkono bila woga, akauma mpini. Chiku akaniashiria nisogeze saa, akaweka ncha ya bisibisi juu ya bamba la shaba nyuma ya saa. Karakana yao ilipakana na mafundi bati, na nyundo zao hazikukoma mchana kutwa. Chiku alipotaka kusikia gurudumu linalokwaruza, ndivyo alivyofanya: mpini menoni, ncha kwenye saa, sauti ikapita mfupani bila kupita sikioni.

Mzee Garama alitulia. Nyusi zake zikapanda. Akafumba macho, akakaa hivyo mpaka Fondo akaanza kukohoa. Kisha akaitoa bisibisi mdomoni.

"Kumbe!" akasema. "Nani anayegonga humu ndani?"

"Ni saa, babu."

Akaiuma tena kuhakikisha. Kisha akainua fimbo juu na kutangaza hata mbuzi wakashtuka: "Nimeisikia! Nimeisikia! Zipporah, njoo uume!"

"Baada yako wewe na tumbaku yako? Thubutu!"

Kina mama walikuwa wameshaanza vigelegele Mzee Badi alipoinua mkono. "Subirini. Sheria ni kutega sikio."

"Baba," alisema Chiku, bado yuko magotini, "sheria ni mwenyewe aisikie. Ameisikia. Alichosema hakuambiwa na mtu."

 Mzee Badi aliichukua bisibisi kwa Mzee Garama, akaipangusa kwa ncha ya kanzu yake, akaiuma yeye mwenyewe. Akasikiliza. Mimi niliyeshika saa nilikuwa karibu naye kabisa, na niliona kwamba hasikilizi kama inaenda. Hilo alilijua tangu Malindi. Alikuwa akisikiliza inavyoenda. Alisikiliza kama mtu anayesoma, akirudia, akitafuta kosa.

"Pigo limenyooka," alisema mwishowe. Halafu akasema tena, kwa sauti ya chini, si kwetu: "La kwangu la kwanza halikunyooka hivi."

Akatia mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa kichupa cha rangi nyeusi na brashi nyembamba iliyofungwa kwa karatasi. Alikuwa amevibeba njia nzima bila kumwambia mtu. Chiku aliviangalia, akamwangalia baba yake, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Usilie sasa," Mzee Badi alimwambia. "Mkono utatetemeka."

Nikaiweka saa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua kijilango cha kioo. Mbeyu akaja na kutandaza kanga yake kuzuia vumbi. Watu wakatuzunguka, na ule uwanja wa ngoma ukawa kimya kama msikitini. Chiku alichovya brashi, akavuta pumzi, akaanza herufi ya kwanza. Mzee Garama akanong'ona, yaani alivyodhani yeye kwamba ananong'ona, na wote tukasikia:

"Andika upesi, binti. Wali unapoa."

Hakuandika upesi. Aliandika kila herufi kama alivyokata kila jino, *Chiku binti Badi, Malindi*, na alipomaliza akaipulizia kidogo ikauke. Mzee Garama aliinyanyua saa mwenyewe, hakukubali msaada wa Fondo, akavuka nayo kizingiti.

Bisibisi hakuirudisha. Alisema ni sehemu ya saa.