Bukoba Hadi Izigo kwa Njia ya Ulaya

Clavery alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Wiki nzima alihangaika na mitambo ya kampuni ndogo ya intaneti pale Bukoba mjini, wateja wakimfokea kama mtoto, na bosi hataki kusikia habari za ruhusa. Kwa hiyo dada yake Agnetha alipopiga kutoka Izigo kusema baba yao anataka kulaga, yaani kugawa mali kwa mdomo mbele ya ukoo kabla hajafa, Clavery alijibu, "Nitaingia kwa simu ya video. Si hapo tu?"

Hapo tu! Mwingine angesamehewa. Yeye fundi alijua fika kwamba kampuni yake hununua intaneti Kampala, mtandao wa Agnetha hupitia Dar es Salaam, na mitandao hiyo haikutani popote Kagera. Hukutana Ulaya. Neno la Bukoba huvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, huzama baharini, hufika kwa Wazungu, ndipo lirudi Izigo, wilayani Muleba. Alijua, ila mwili ulimgomea.

Siku ilipofika, baba yao, Mzee Rutaihwa, alionekana kwenye simu akiwa kitandani, amekonda, ukoo umemzunguka.

"Clavery, kibanja hiki, nyumba na migomba yake, nataka ukishike wewe. Lakini ukubali mbele ya hawa kwamba utarudi kukaa hapa. Utarudi?"

Machozi yakamlengalenga. "Nitarudi, tata, baba yangu. Nakubali."

Mzee hakutikisika. Picha ilikuwa imeganda. Ng'ambo ya Mutukula, katapila la wachonga barabara lilikuwa limekata waya wa intaneti, tena katika nchi ya watu, ambako Clavery hakuruhusiwa hata kushika koleo. Alipokata tamaa na mitambo, akapiga simu ya kawaida. Ya Agnetha ilikuwa imeshaisha chaji. Akaacha mitambo ilie, akadandia pikipiki.

Alipofika Izigo, vilio vilikuwa vimeanza. Agnetha alimpokea mlangoni bila kumpa mkono.

"Kibanja amepewa Onesphory, mtoto wa baba mdogo."

"Lakini nilijibu! Haki ya Mungu, nilijibu!"

"Hatukusikia. Tuliona uso wako tu, umetukodolea macho, kimya. Tata alikuuliza tena na tena. Wazee wakakukasirikia, wakataka uitwe uje ujieleze."

"Naye akasemaje?"

Agnetha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Akasema, 'Mwacheni. Msimlazimishe mwanangu kupapenda nyumbani.' Hakusema tena kitu."