Siku ya Kufagia Kihenge

Kati ya Gorong'a na Sirari hakuna mwanaume anayeweza kumaliza siku nzima bila simu kama Heche. Hayo si maneno ya watu. Ni ya Heche mwenyewe, na aliyasema Ijumaa jioni mlangoni kwake, simu moja ikiwa sikioni na nyingine ikimwita kutoka kwenye chaja.

"Kesho nazima zote," alimwambia mkewe. "Nashinda na wanangu mpaka jua lizame. Simu ni kitu gani? Nilizaliwa nayo?"

Mokami, mkewe, alikuwa akikunja nguo za watoto na kuzipanga kwenye begi. Hakuinua kichwa.

"Baba Nyangi, maliza kwanza na huyo aliyeko sikioni."

Begi lenyewe ndilo lilikuwa kesi. Shule zilikuwa zimefungwa, na Mokami alitaka kuwapeleka watoto kwao Issenye, wakae huko likizo yote. Sababu aliieleza kwa kifupi: huko kuna babu anayeshinda nyumbani, hapa kuna Canter. Na ni kweli, msimu wa mavuno Heche alikuwa mali ya Canter yake. Alibeba mahindi ya watu kutoka kila kona, akiondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Juzi alirudi mapema kwa bahati mbaya, mwanawe Ema, wa miaka minne, akamtazama kwa adabu na kumwamkia, "Shikamoo, mjomba."

Heche alicheka siku ile, ila kicheko hakikufika mbali.

Hakutaka waende. Nyumba isiyo na kelele za wale wawili aliijua. Mwaka uliotangulia alibaki peke yake wiki nzima, na siku za mwisho alikuwa analala kwenye gari, akisema anaangalia betri isiibwe. Basi wakapatana. Jumamosi ni siku ya kupura ulezi. Heche ashinde uwanjani na watoto, asishike simu mpaka jua lizame, na Mokami atatoa nguo kwenye begi. Akishika, Jumapili asubuhi wanapanda gari la Issenye.

Asubuhi alimkabidhi Mokami simu mbili zilizozimwa, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi ofisi. Ya tatu, kitochi cha vitufe, ilikuwa ndani ya buti lake la mvua. Mguu wa kushoto. Hakuwa na nia mbaya, alijiambia. Ni kwa dharura tu, na mtu mwenye gari hawezi kujua dharura itaanzia wapi.

"Mvua iko wapi?" aliuliza mama yake, Bibi Robi, akiyatazama yale mabuti. Kipupwe kilikuwa kimekausha kila kitu. Upepo ulikuwa unazoa majani na kuyarundika kwenye ua wa ng'ombe.

"Shikamoo, mama. Ni kwa ajili ya pumba. Zinawasha."

"Marahaba. Mwanaume mzima anaogopa pumba," alisema Bibi Robi, akaendelea kupepeta.

Uwanja ulikuwa umekandikwa kwa samadi tangu majuzi, umekauka na kuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Masuke ya ulezi yalitandazwa katikati. Heche alichukua fimbo, Nyangi wa miaka saba akachukua yake, Ema akapewa kijiti kisichoweza kuumiza mtu wala ulezi. Wakaanza kupiga. Paa! Paa! Ema alipiga kila kitu isipokuwa masuke: alipiga ungo, akapiga kuku, akapiga buti la baba yake, la kushoto, na Heche akaruka kuliko ilivyohitajika.

"Imeuma?" aliuliza Nyangi.

"Kidogo."

"Na hiyo fimbo si ya bua?"

Nyangi alikuwa na tabia ya kuuliza vitu kama askari wa barabarani. Heche akaamua kuimba. Alikuwa na wimbo mmoja tu wa kupuria, na wa pili ulikuwa ule ule kwa sauti ya juu zaidi. Watoto waliupenda hadi wakamrudisha mwanzo mara nyingi, na Bibi Robi akaomba kwa upole kama ng'ombe wanaweza kupumzishwa.

Kulipopata joto walipumzika. Nyangi alifukia viazi vitamu kwenye majivu ya magunzi, na Heche akakaa chini kumtengenezea Ema Canter ya mabua. Hapo alikuwa fundi kweli. Alikata mabua, akayachomeka kwa vijiti, akaweka bodi, akaweka kioo cha upande. Yalipokosekana matairi alichukua kandambili zake mwenyewe, akazikata miduara kwa kisu, Mokami akiwa mlangoni anashuhudia.

"Hizo ulinunua wiki iliyopita," alisema Mokami.

"Gari haliwezi kutembea bila matairi, Mama Nyangi."

Mokami alirudi ndani, na alipogeuka alikuwa anacheka. Heche aliliona hilo, akajihesabia ushindi. Kiazi kilitoka kwenye majivu kimeungua upande mmoja, na wote watatu wakagombania upande ule ulioungua. Heche alikuwa na majivu mpaka kwenye kope. Ema alikuwa amemkalia mgongoni, akiendesha Canter ya mabua juu ya kichwa chake, akipiga honi. Mtu yeyote angepita barabarani wakati ule angesema huyu baba hana kazi nyingine duniani.

Ndipo mguu wake wa kushoto ukaanza kutetemeka.

"Tata," Ema alimwita baba yake, "buti lako linanguruma."

"Ni panzi. Ameingia panzi."

Buti likanguruma tena, kwa vipindi sawa, kama panzi aliyefundishwa. Nyangi aliacha kutafuna.

"Mtoe basi."

"Atatoka mwenyewe. Ukimtoa panzi kwa nguvu anavunjika miguu. Unataka avunjike?"

Nyangi hakutaka. Lakini alisogea na kukaa pale ambapo angeliona buti vizuri.

Aliyekuwa akipiga simu, Heche alimjua. Ni Sospeter, mtu wa Geita aliyekuja huku kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akageukia mahindi. Alikuwa kule Nyambureti na magunia yake pembeni ya barabara, akisubiri Canter tangu jana, na alikuwa mteja asiyejua kukata tamaa. Buti likatetemeka viazi vilipoisha. Likatetemeka wakati wa uji. Heche alitembea kwa kuburuta mguu, akisema amechoka, kisha akakaa na kuukalia. Kila alipoangalia jua lilikuwa bado juu, limesimama pale pale kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.

Alasiri ulezi ulikuwa safi kwenye ungo, na kukabaki kazi moja ambayo Ema aliisubiri tangu alipojua kusema: kufagia kihenge. Kihenge cha Bibi Robi kilikuwa kikubwa, cha fito zilizosukwa na kukandikwa, kimesimama juu ya mawe, na kofia yake ya nyasi huinuliwa kwa mti wenye panda. Katika boma lile nafaka mpya haiwekwi juu ya vumbi la zamani, na anayeingia kufagia ni mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kushika ufagio, kwa sababu sakafu ni ya fito na haipendi uzito. Miaka yote alikuwa Nyangi. Mwaka huu ni Ema. Baba humshika mtoto mikono, akamshusha taratibu, kisha anabaki mlangoni juu anamwangalia. Mwaka jana Nyangi alishushwa na jirani.

Ema alikuwa amevua shati. Alishika ufagio kama mkuki.

"Niko tayari, tata."

Buti likanguruma, safari hii bila kupumzika. Heche alitazama jua, akamtazama mwanawe, akatazama lile shimo jeusi la kihenge, refu, lenye giza, lisilo na mtu. Wazo lilimjia likiwa limeshavaa nguo kabisa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Lazima niingie mimi niangalie kama kuna nyoka."

"Nyoka?" alisema Bibi Robi kutoka kwenye ungo wake. "Kihenge changu kina nyoka tangu lini?"

"Mama, siku hizi huwezi kujua. Mtoto ni wangu."

"Utanivunjia fito, wewe! Mtu mzima haingii kihenge!"

Lakini Heche alikuwa amekwisha panda ngazi. Aliingiza miguu, akajikunja, akakwama tumbo, akatoa pumzi, akateremka ghafla kama gunia. Fito zililia. Bibi Robi alilia zaidi.

"Niko salama!" sauti ya Heche ilitoka humo ndani nzito, kama ya mtu aliye kwenye pipa. "Tulieni, naangalia!"

Alivua buti. Kitochi kilikuwa na jasho. Akaweka mkono mdomoni, akapokea, na kunong'ona.

"Halo, mura, ndugu yangu."

"Heche! Uko wapi? Nimekaa kwenye magunia yangu mpaka mbuzi wamenizoea!"

"Niko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani kabisa. Huku nina vumbi tu." Na akakohoa, na kikohozi kilikuwa cha kweli, maana vumbi la mahindi ya mwaka jana lilikuwa limemjaa puani. "Unalisikia vumbi la barabara? Hili hapa."

"Mbona sauti yako kama uko kisimani?"

"Nimefunga vioo. Jua likizama tu, nitakuwa hapo. Mpaka hapo vumilia, wewe si mwanaume?"

"Heche, umesema njiani tangu jana—"

"Sasa hivi nakunja kona, mura Sospeter, siwezi kuongea na simu kwenye kona, ni hatari—"

Mwanga wa kihenge ukapungua. Heche aliinua macho. Mlangoni juu, pale ulipokuwa mduara wa anga, kulikuwa na kichwa cha mtoto, masikio mawili na ufagio mmoja.

"Tata," alisema Ema, polepole, kama anayemsaidia mtu aliyepotea. "Hauko njiani. Uko kwenye kihenge."

Heche akafunika simu kwa kiganja, lakini amechelewa.

"Nani huyo?" aliuliza Sospeter. "Heche? Kihenge gani?"

"Shuka, Ema," alinong'ona Heche. "Shuka, baba, utaanguka. Kuna nyoka."

Ema alichungulia vizuri zaidi. Alimwona baba yake amechuchumaa, buti moja mguuni na moja pembeni, uso umemulikwa na kioo kidogo cha kijani. Alisikiliza ile sauti ya Sospeter iliyokuwa bado inaita humo chini, "Halo? Halo?" Kisha akageuza shingo kuelekea nyumbani, na kwa yale mapafu aliyokuwa akipigia honi mchana kutwa akapaza sauti:

"Mama! Nyoka yupo! Anaitwa Sospeter!"

Heche alikata simu, akaifumbata kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kusimama, fito zikalia, akakaa. Alijaribu tena kwa upande, akagundua jambo ambalo Bibi Robi angeweza kumwambia mapema kama angeulizwa: kuingia kulisaidiwa na tumbo kuteremka, kutoka hakuna cha kusaidia. Ngazi ilikuwa nje. Nje alimsikia Nyangi akimweleza mtu, kwa utaratibu, habari ya panzi. Akasikia Bibi Robi akicheka kwa namna ambayo mama hapaswi kumcheka mwanawe. Halafu akasikia ndani ya nyumba zipu ya begi, ndefu, ikifungwa mpaka mwisho.

Ngazi ikalia. Ema alishushwa. Mahali pake akatokea Mokami, na jua likiwa nyuma yake, bado juu ya vilima, Heche hakuweza kuuona uso wake.

"Mama Nyangi," alisema, "ni dharura ilitokea. Imetokea hapa hapa."

"Gari la Issenye linapita asubuhi," alisema Mokami. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayetaja bei ya sukari. "Tutakwenda watatu. Lete mkono nikuvute, mtoto anasubiri kufagia."

Heche aliunyoosha mkono wa kulia, mtupu, wenye majivu.

Mokami hakuushika.

"Siyo huo, Baba Nyangi. Ule mwingine."