Maharage ya Zuwena kwenye Sakafu ya Damiani

Mjukuu wangu Damiani alipotia rangi sakafu ya gereji yake hapa Babati, fundi Eustace aliyeipaka alimwachia karatasi ya waranti, yaani dhamana, ya miaka mitano. Damiani aliibandika ukutani, akanisomea sharti moja tu: siku saba za mwanzo gari lisiingie, wala maji yasiguse sakafu.

"Nakuachia ufunguo, Bibi. Hata kuku asipite." Akaenda Singida kufuata vipuri.

Siku ya nne mvua ilishuka ghafla. Jirani yetu Zuwena alikuwa ameanika maharage uani, yale aliyovuna shambani kwake Sigino, na mumewe alikuwa amelazwa hospitali. Alikuja mbio, beseni kichwani, maji yanamchuruzika. Nilifungua gereji. Tulivua ndala, tukamwaga maharage karibu na mlango, tukayatandaza kwa mikono. Kesho yake jioni tuliyazoa, nami nikapangusa pale kwa kanga yangu. Halikuoza hata moja.

Sikumwambia Damiani. Mwanzo niliona ni jambo dogo, halafu nikaona nimechelewa.

Mwezi wa tano sakafu ikaanza kutoka malengelenge, rangi inabanduka ukiigusa kwa kucha. Watu wa mradi wa maji walikuwa wamekubali kumpa Damiani magari yao ayatengeneze, ila mwisho wa mwezi wangekuja kwanza kuikagua gereji. Kupaka upya kwa fedha yake asingeweza. Tegemeo lake likawa ile karatasi.

Eustace alikuja na bodaboda kutoka stendi. Alinisalimu kabla hata ya kuitazama sakafu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, asante." Alichuchumaa. "Zile siku saba, maji yaliingia humu?"

"Hata tone," Damiani alijibu. "Ufunguo alikaa nao Bibi. Kwa Bibi hata mbu anaomba ruhusa."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Kulikuwa na maharage," nikasema.

"Maharage gani?" Damiani akauliza.

"Ya Zuwena. Madebe mawili, yameloa."

Alinitazama, kisha akautazama mlango. "Bibi, si ungeniambia tukiwa wawili?"

"Ningekuambia zamani, mjukuu wangu. Nilikosea. Lakini ameuliza leo."

Eustace alikuwa na nakala yake ya waranti mkononi, ila hakuikunja aondoke. "Yalikaa wapi, Bibi?"

Nikamwonyesha, kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo. Alipita akigonga kwa mpini wa spana, hatua kwa hatua. Pale palipokaa maharage mlio ulikuwa mzito, rangi imeshika. Malengelenge yote yalikuwa nyuma, karibu na ukuta wa upande wa bondeni. Huko alikwangua rangi, akakata kipande cha nailoni, akakibandika kingo zote juu ya saruji.

"Tukiache hadi kesho."

Usiku huo, kabla ya kula, Damiani alinimiminia maji ya kunawa kama kawaida.

Asubuhi, chini ya nailoni palikuwa na matone.

"Maji yanapanda kutoka ardhini," Eustace alisema. Alitoa nakala yake ya waranti, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa: fundi apime unyevu wa sakafu kabla ya kupaka. Pembeni, pa kuandika kipimo, palikuwa patupu. Nakala yetu ilikuwa na mstari huo huo. Hakuna aliyewahi kuufikia.

"Sikupima," akasema. "Mvua zilikuwa bado, nikaona pakavu. Kosa langu hilo. Nyuma kote narudia mimi, na dawa ya kuzuia unyevu chini yake." Akageukia mlangoni. "Ila hapa mbele, Bibi, palipokaa maharage, siwezi kuendelea kupadhamini. Sharti lilivunjwa."

"Ni haki," nikajibu.

Aliandika hivyo kwa mkono, Damiani akatia sahihi. Safari hii tuliisoma yote, mpaka chini, kidole changu kikifuata maneno.

Eustace alimaliza zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya ukaguzi. Gereji ikafungwa tena siku saba, na Damiani alikuwa na safari nyingine ya Singida. Nilidhani ufunguo angeondoka nao.

Aliuweka mkononi mwangu. Kisha akaniletea turubai jipya, bado limekunjwa.

"La Zuwena," akasema. "Mpelekee kabla mvua haijanyesha."