Jina la Mama Kwenye Hirizi

Kila Jumapili Shemasi Pisente alilaani hirizi kanisani, na siku nyingine aliziandika nyumbani kwake. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyejali. Homa haisubiri Jumapili.

Mchana mmoja aliletewa Papnute, mtoto mchanga anayewaka moto, na wanawake watatu: Tagape mama yake, Tsia yaya aliyemnyonyesha, na Mama Elisabeti, mama mkwe wa Tagape. Mkwe huyu alikuwa amechoka kungoja mjukuu hadi akaanza kumshawishi mwanawe amwache mkewe. Ndipo Tagape, mumewe akiwa safarini, akajifunga tumbo la matambara, akaenda kwao eti kujifungua, akarudi na mtoto pamoja na yaya. Mtoto alikuwa wa Tsia, mjane asiye na mbele wala nyuma. Walijua wao wawili tu.

Pisente alikata kipande cha karatasi ya mafunjo, akachora nyota, akamwandika Mikaeli, akamwandika Gabrieli, kisha akainua kalamu.

"Papnute mwana wa nani?"

"Wa Yohane," mkwe akadakia.

"Baba simtaki hapa, mama. Ubaba ni habari ya kuambiwa. Malaika humtafuta mtu kwa tumbo lililomzaa. Nikikosea jina, wanapita mlango."

"Sasa si huyu hapa mbele yako? Macho yamekwisha, shemasi? Tagape, taja jina lako, mtoto anaungua!"

Tagape alimtazama Tsia. Tsia alikuwa ameushika mguu wa mtoto. Jina moja tu lilitakiwa. Lakini likitajwa, Tagape angefukuzwa kabla jua halijazama, na vijiji vyote vya mtoni vingemcheka. Aliogopa. Alimpenda mtoto yule kweli, na bado aliogopa.

"Tagape," akasema.

Shemasi akaandika, akakunja, akafunga kwa uzi mwekundu shingoni mwa mtoto. Papnute hakuifikia Jumapili.

Nyumba ikajaa vilio. Wanawake walimkumbatia Tagape, wakamfuta machozi, na kwa mara ya kwanza Mama Elisabeti akamwita mwanangu. Tagape alilichukia neno hilo, akaegemea kifua cha mkwe wake hivyo hivyo.

Baadaye alimkuta Tsia uani akikanda mkate wa waombolezaji, kifua chote kimelowa maziwa.

"Mbona hukusema?" Tagape akanong'ona. "Ulikuwa na mdomo."

"Nilikungoja wewe, bibi. Si ulisema ni wako?" Kisha Tsia akaangusha uso kwenye unga, akalia kwa sauti.

Mama Elisabeti akachungulia mlangoni. "We yaya! Ndiyo nini kulia kumshinda aliyezaa? Wageni wana kiu huku."

Akamgeukia Tagape, akingoja. Tsia naye akainua uso, akamtazama.

"Hujasikia?" Tagape akasema. "Wapelekee maji."