Barafu ya Kibanja cha Gaspari

Jumanne moja ya Julai 1988, Therese Mukakalisa alikuwa akipalilia migomba kwenye kibanja chake, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nyaishozi, jembe lake likagonga kitu kigumu chini ya majani makavu. Alidhani ni jiwe. Alipofukua kwa mikono aliona barafu nyeupe, pana kiasi cha ungo. Aliijua barafu, kwa sababu aliwahi kuiona kwenye friji la mafuta ya taa la zahanati ya misheni, lile la kuwekea chanjo. Aliifunika tena kwa majani, akamaliza mstari aliokuwa ameuanza, akaenda nyumbani kuinjika maharage.

Kufikia Jumamosi ilikuwa na ukubwa wa mlango. Jua la kiangazi liliipiga kutwa nzima na haikuyeyuka. Majirani walikuja kuitazama. Waliigusa, wakafuta vidole kwenye nguo, wakamuuliza Therese ameiagiza kutoka wapi. Wengine walisema pembeni kwamba watu waliotoka Rwanda wana mambo yao. Therese na mumewe Gaspari walikuwa wamefika hapo mwaka 1961, na watoto wao wote walizaliwa hapo.

Mzee Rwegoshora alikuja wa mwisho. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakuingia kibanjani. Alisimama kwenye mibuni yake, safu kumi na mbili ambazo zamani zilikuwa migomba ya Gaspari. Gaspari alipofariki mwaka 1984, Rwegoshora alisema sehemu ile alimwazima tu. Aling'oa mlamula, ule mti uliokuwa alama ya mpaka, akapanda kahawa. Karatasi haikuwepo. Therese alikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Nyaishozi mara tatu, na mara tatu aliulizwa shahidi wake ni nani. Alijibu kuwa ni Gaspari.

"Shikamoo mzee," Therese alimwamkia.

"Marahaba. Hiki kitu umekileta wewe?"

"Kimetoka chini."

"Una kibali?"

"Cha nini, mzee?"

"Cha kitu kutoka chini."

Therese alisema hana. Rwegoshora alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akaenda kumweleza bwana shamba. Bwana shamba, kijana aliyeitwa Novatus, alipima barafu kwa kamba, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja, akaiweka kwenye basi la Bukoba.

Mwezi wa Oktoba walifika wageni watatu kwa Landrova mbili. Mmoja alikuwa mama wa Kinorwe, Dakta Aune, mwingine profesa wa Kirusi, na wa tatu mtaalamu wa Kijapani. Walifuatana na Melkiory, karani wa hali ya hewa, ambaye ndiye aliyewatafsiria. Kijijini watu walisema wamefuata bati, kama lile linalochimbwa Kyerwa, na kwamba barafu ni kifuniko tu. Therese naye aliwaza hivyo, hasa kwa sababu wageni walikuwa wakitabasamu kila alipowatazama.

Dakta Aune alieleza, Melkiory akatafsiri. Kwenye ncha ya kusini ya dunia, mataifa yao matatu yalikuwa yakichimba barafu kwa pamoja ili kujua hewa imebadilika kiasi gani na kwa nini joto linaongezeka. Theluji ya kila mwaka huanguka juu ya ile ya mwaka uliopita, ikaganda na kufungia ndani yake viputo vya hewa ya mwaka huo. Hewa inayopumuliwa Karagwe hufika huko baada ya miaka miwili hivi. Mwezi wa Julai nguzo moja ya barafu yenye urefu wa mita arobaini ilitoweka, likabaki shimo. Kila taifa lilidhani limeibiwa na lenzake.

"Ni hii," Dakta Aune alisema, akiigonga barafu kwa kalamu.

"Muulize kwa nini imekuja kwangu," alisema Therese.

Melkiory aliuliza. Wageni wale walijibu kwa pamoja, kisha wakaanza kubishana.

"Wanasema bado hawajakubaliana," Melkiory alimwambia.

Walisimamisha hema na kuanza kuchimba kwa keekee ndefu. Kila kipande cha barafu kilichotoka kiliwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na kila taifa lilikuwa na ufunguo wake. Mrusi alihesabu masanduku asubuhi. Mjapani alihesabu mchana. Dakta Aune alihesabu jioni, akiwa peke yake. Melkiory aliandika kwenye daftari nani amehesabu saa ngapi, na hakumwonyesha mtu daftari hilo.

Siku ya pili walianza kupasua viputo ili kupima hewa ya ukaa. Kiputo cha kwanza kilipopasuka ilisikika sauti ya jembe na ya kuku. Kile cha mwaka 1984 kilitoa nyimbo za mazishi. Wanaume waliokuwa wakitazama walivua kofia. Dakta Aune alisubiri wimbo uishe, akaandika namba yake. Kijiji kizima kilikaa chini kwenye majani kusikiliza, na Rwegoshora akasogea hadi ukingoni mwa mibuni yake.

Siku ya nne walifika kwenye barafu ya mwaka 1974. Kiputo kilipasuka.

"Gaspari, kuanzia mlamula huu hadi kijito ni pako. Nakupa mbele ya watu hawa. Sikuazimi, nakupa. Watoto wako walime."

Ilikuwa sauti ya Rwegoshora, nyepesi kidogo kuliko ya sasa. Ikafuata sauti ya Gaspari ikisema asante sana, mwenyekiti, kisha kikohozi chake, kile kikavu cha watu wanaovuta kiko. Therese alikuwa hajakisikia kwa miaka minne. Alishika mgomba uliokuwa karibu naye.

Watu walimgeukia Rwegoshora.

"Sauti ni yangu," alisema. "Lakini siku ile nilikuwa na homa. Mtu mwenye homa husema mengi."

Hakuna aliyembishia. Wengi wao walikuwepo siku ile mwaka 1974, na karibu wote walikuwa na kipande cha ardhi ambacho Rwegoshora ndiye aliyewagawia.

Therese alimwendea Melkiory akaomba apewe barafu ya mwaka ule, akaipeleke barazani. Wageni walijadiliana kwa muda mrefu. Mkataba wao ulisema sampuli zote zigawanywe sehemu tatu zilizo sawa, na Mrusi aliusoma kwa sauti kifungu kwa kifungu.

"Mimi mkataba umenitaja?" Therese aliuliza.

Melkiory alifunua kurasa. "Umetaja mazingira ya eneo."

"Ndiyo mimi?"

"Nadhani, mama."

Jioni ile Dakta Aune alikuja jikoni kwa Therese na chupa ya chai. Ndani yake mlikuwa na kipande cha barafu ya mwaka 1974, cha urefu wa kidole, chenye kiputo kimoja. Aliweka kidole mdomoni kuonyesha kwamba isisemwe. Therese hakumwamini. Aliinusa chupa, akaitikisa, akailaza chini ya kitanda hadi asubuhi. Kesho yake Mrusi aligundua upungufu akamtuhumu Mjapani, Mjapani akamtuhumu Melkiory, na sanduku likaongezwa kufuli ya nne.

Therese alifika Nyaishozi saa tatu asubuhi. Karani wa baraza alitaka kielelezo kionekane kwa macho, kwa hiyo kilitolewa kwenye chupa kikawekwa kwenye sahani. Nje ya kibanja ilikuwa barafu kama barafu yoyote. Wajumbe walikuwa hawajatimia. Aliyekosekana alikuwa Rwegoshora, ambaye naye alikuwa mjumbe.

"Tunaweza kusikiliza sasa," Therese alisema. "Inayeyuka."

"Bila idadi kutimia si kikao, mama," alijibu mwenyekiti wa baraza. "Ni mazungumzo."

Rwegoshora aliingia saa nne na nusu, akaomba radhi, akasema alikuwa akianika kahawa. Kwenye sahani kilibaki kijipande cha ukubwa wa punje ya hindi. Mwenyekiti alifungua kikao. Kiputo kikapasuka, na sauti ya Gaspari ikasikika ukumbini, tulivu, kama ya mtu aliyeko chumba cha pili.

"Therese, lete maji, mwenyekiti anawe mikono."

"Naleta," Therese alisema, akasimama. Alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka mahali alipo. Alirudi akaketi.

Karani aliandika kwamba sauti ya marehemu imeomba maji.

"Hakuna anayebisha kwamba aliomba maji," alisema Rwegoshora.

Baraza liliamua kwamba shahidi huyo hakugusia ardhi, na kwamba hata angegusia asingeweza kuulizwa maswali. Shauri liliahirishwa bila kutajiwa tarehe. Therese alikunywa yale maji yaliyobaki kwenye sahani, akarudisha sahani kwa karani, akaanza safari ya kurudi.

Wageni waliondoka Desemba. Barafu iliendelea kupanda kidogo kila mwaka, na watu waliizoea. Walioumwa kichwa waliiegemea.

Mwaka 1992 kilikuja kitabu kwa posta, chenye nembo za mataifa matatu. Mukabera, binti wa Therese aliyekuwa akisomea uuguzi, alimsomea mama yake. Kilikuwa na mchoro wa mstari unaopanda, miaka mia mbili ya hewa ya dunia. Penye mwaka 1974 mstari ulikatika. Chini paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba sampuli ya mwaka huo iliachwa kwa sababu ya kuchafuliwa na kelele za wenyeji.

"Waandikie," Therese alisema. "Waambie hizo si kelele. Ni baba yako."

Mukabera aliandika barua tatu zinazofanana, kila taifa moja. Majibu hayakuja.

Tangu mwezi ule, kila jioni kabla ya kuinjika chakula, Therese alitoka akasimama kando ya barafu na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba kuanzia palipokuwa na mlamula hadi kijito ni pa Gaspari, alipewa, hakuazimwa. Alisema mara moja tu, kwa utaratibu, ili hewa iichukue sauti yake hadi kwenye barafu ya kusini.

Rwegoshora alimsikia siku mbili. Siku ya tatu naye alitoka, akasimama kati ya mibuni yake, akasema ni pake. Baada ya wiki alikuja na wanawe. Msimu wa kahawa ulipofika aliwaleta wachumaji, watu kumi na wanane, wakasema pamoja kwamba ni pa Mzee Rwegoshora, na sauti yao ilisikika hadi barabarani.

Therese aliwasubiri wamalize. Kisha akasema yake, akaingia ndani.