Shahidi wa Benchi la Nyuma

"Una shahidi?" Hakimu aliuliza mara ya pili, na safari hii aliweka kalamu chini.

Ussene alishika ukingo wa kizimba. Miaka kumi na mmoja aliendesha lori la ushirika, akisomba korosho na mihogo mikavu kutoka Mahurunga hadi Mtwara mjini, na leseni yake haikuwahi kuandikwa kosa. Konstebo Elia alikuwa amekwisha kutoa ushahidi, bila chuki: saa moja na nusu jioni, karibu na mtaa wa Rahaleo, lori lilimjia kama ng'ombe kipofu, taa zote mbili zimekufa. Yote yalikuwa kweli.

"Mheshimiwa, waya ziliungua nikiwa Mahurunga. Nilitaka kulala huko huko, nizitengeneze asubuhi. Lakini palikuwa na mama, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto hatoki. Mkunga akasema, huyu akibaki hapa tunamzika. Nikampakia. Jua likatuchwea njiani. Nikatoa kichwa dirishani, nikaufuata mchanga mweupe wa barabara mpaka hospitali. Konstebo alinikamata nimeshamshusha."

Uso wa hakimu ulilegea kidogo. "Hiyo ni sababu. Huyo mama anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Mama mwenyewe alikuwa amekaa benchi la nyuma, mtoto wa miezi miwili kifuani. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe. Amelia alikuwa amevuka Ruvuma kwa mtumbwi akikimbia vita, na hakujiandikisha popote. Waliojiandikisha walipakiwa kwenda kambini, mbali. Mumewe alibaki ng'ambo, naye walikuwa wameagana mahali pamoja tu pa kukutana: Mahurunga.

Ussene aliitazama kalamu ya hakimu. Jina lingeandikwa. Baada ya jina, kijiji. Baada ya kijiji, swali la ametoka wapi.

Kule nyuma benchi lililia. Amelia alikuwa anainuka.

"Sina shahidi," Ussene alisema haraka, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, mheshimiwa."

Leseni ikafungiwa mwaka mzima. Karani aliipokea kwa vidole viwili, akaitia ndani ya jalada, akafunga uzi.

Nje, jua la saa sita lilikuwa linachoma. Askari wa lango alimpigia kelele kabla hajafika kwenye lori. "Liondoe hilo! Gari la mahabusu linataka kuingia!"

"Siruhusiwi kuliendesha, afande. Sasa hivi tu wamenifungia."

"Basi lisukume."

Amelia alimfikia akihema. "Mjomba, kwa nini? Mimi ningesema."

"Najua ungesema. Wewe kamsubiri mumeo."

Aliachia breki, akashika usukani kupitia dirishani, akaegemeza bega kwenye mlango. Chuma hakikutikisika. Amelia alimfunga mtoto mgongoni, akazunguka nyuma ya lori bila kuuliza.

Konstebo Elia alitoka mahakamani, akasimama ngazini. Alimtazama yule mama mgeni, akamtazama mtoto. Kisha akaanza kushuka.

Ussene hakugeuka. Alisikia viatu vizito vikikaribia juu ya kokoto, vikapita hadi nyuma ya lori, kando ya Amelia, akasukuma kwa nguvu zote zilizobaki, na gurudumu la mbele likaanza, kidogo sana, kuzunguka.